Maadili ya kazi ya Kiislamu benki: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Mfanyakazi mwenye maadili ya Kiislamu utamjua kwa swala.

Kipimo cha maadili haya kinachotumiwa sana na watafiti, alichokitunga mtafiti Abbas Ali mwaka 1988, kina toleo fupi la vipengele 17: uvivu ni aibu, kazi ifanywe kwa uwezo wote, imalizwe kwa wakati, thamani yake ni nia, na kadhalika. Hakuna hata kimoja kinachouliza habari ya swala. Kasoro yake ni nyingine: mfanyakazi hujipa alama mwenyewe, na nani atajiandika mvivu? Ukitaka kumpima afisa wa benki, fungua faili zake.

Dhana: Nia ikiwa njema, mpangilio wa karatasi ni urasimu tu.

Hapa ndipo wengi huanguka. Chukua murabaha ya bajaji, yaani benki kununua bajaji kisha kumuuzia mteja kwa faida inayojulikana. Mteja husaini kwanza ahadi ya kununua. Kisha benki inanunua kwa muuzaji, ankara ikitoka kwa jina la benki, na bajaji inakuwa mali yake hata kama ni kwa saa chache. Ikiungua saa hizo, hasara ni ya benki. Baada ya hapo ndipo mkataba wa mauzo unasainiwa, bei ya kununulia na faida zikitajwa wazi. Yakifanyika yote siku moja, saa nayo iandikwe.

Mwisho wa mwezi lengo halijafikiwa, afisa anamsainisha mteja karatasi zote kwa mkao mmoja, eti asimsumbue kurudi. Au mbaya zaidi: mteja alishanunua bajaji wiki iliyopita, anachotaka ni fedha taslimu. Mkaguzi wa sharia huanza na tarehe. Mkataba wa tarehe 28, ankara ya tarehe 30: benki imeuza isichokuwa nacho. Faida ya faili hiyo hutolewa kwenye mapato, ikapelekwa kwenye mambo ya kheri. Kwenye ripoti ya mwezi afisa alikuwa kinara. Kwenye hesabu za mwaka faili ile haikuingiza hata senti.

Dhana: Zawadi ya mteja ni riziki.

Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, mkusanya zaka Ibn al-Lutbiyya alirudi akasema hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume akahoji: angekaa nyumbani kwa baba na mama yake, angeletewa? Afisa aliyeletewa mbuzi baada ya kupitisha ombi la mteja la uwezeshaji ajiulize hivyo hivyo.

Dhana: Mwenye maadili hadai malipo.

Qur'ani, sura ya 28, aya ya 26, inamtaka mwajiriwa awe na nguvu na uaminifu. Aya inayofuata tayari inapatana masharti: miaka minane, kumi akipenda. Mwajiri naye ana deni. Meneja anayelipa bonasi kwa idadi ya faili pekee ananunua mikataba ya tarehe 28. Sehemu ya bonasi ingesubiri ukaguzi wa sharia, tarehe zingekaa sawa.