Kamari ya J.M. na kura ya Muliro

Kampeni zikianza hapa Nakuru, swali hurudi: mtu mwenye doa nyumbani anaweza kuitwa kiongozi mkuu? Mimi hufundisha maadili ya uongozi, na kabla ya kujibu huuliza doa lenyewe limefika wapi.

Chukua J.M. Kariuki, mbunge wa zamani na jirani yetu wa Gilgil. Alijulikana kwa kamari na kwa kuoa wake kadhaa. Huyohuyo ndiye aliyeonya kuhusu Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Kamari, maadamu si ya pesa za umma, siihesabu. Wake sihesabu kabisa. Nusu ya waasisi wa nchi hii tungewafuta. Utajiri wake ndio ninaoukazia macho, kwa kuwa hoja yake kuu ilikuwa ardhi: kama aliipata kwa njia alizozilaumu, kosa linaingia ndani ya hoja. Jibu liko kwenye hati za ardhi, si kwenye porojo za matangani.

Aliuawa Machi 1975. Kamati ya Bunge iliyochunguza iliongozwa na Elijah Mwangale wa Bungoma, na ripoti ilipopigiwa kura Juni, waziri Masinde Muliro aliiunga mkono kinyume na msimamo wa Serikali, akafutwa kazi. Sijasikia mtu akiuliza Muliro aliishije na majirani zake kabla ya kuiheshimu kura ile.

John Profumo, waziri wa Uingereza, alikuwa na hawara. Huenda hilo lingesahaulika, ila Machi 1963 alilikana mbele ya Bunge, na Juni akakiri na kujiuzulu. Uongo ndio uliolitoa jambo chumbani.

Lakini kumpiga mke si siri ya nyumba, ni jinai. Kifungu cha 75 cha Katiba yetu kinagusa mwenendo wa afisa wa Serikali hadharani na faraghani pia.

Wapiga kura hukwama kwenye Kifungu cha 99. Anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi siku ya kuandikishwa kuwa mgombea au siku ya uchaguzi hawezi kuwania ubunge, ila hazuiwi hadi njia zote za rufaa ziishe. Basi jina linabaki kwenye karatasi ya kura na wafuasi wanatangaza kwamba mheshimiwa amesafishwa. Rufaa inayosubiri haijamsafisha mtu. Tafuta hukumu kwenye tovuti ya Kenya Law, usome sababu za hakimu, kisha uangalie kama mahakama ya ngazi ya juu imeibatilisha au imesimamisha adhabu tu.