Je, wajua kwa nini pumu hulaza watu wa mtaa mmoja kuliko wa mtaa mwingine?

Pumu haibagui. Hapa Mombasa, Nyali na Kizingo kwa wenye nacho iko, Changamwe na Likoni kwa wa kipato kidogo iko. Lakini kuugua pumu ni jambo moja, na kulazwa kwa sababu ya pumu ni jambo jingine. Miji iliyohesabu waliolazwa mtaa kwa mtaa imeliona hilo waziwazi: New York, wakazi wa South Bronx na East Harlem hulazwa mara nyingi zaidi kuliko wa mitaa ya matajiri ambayo si mbali nao.

Watu wengi watakwambia ni hewa. Si uongo. Changamwe inapitiwa na matrela ya bandari ya Kilindini usiku na mchana, na moshi wa dizeli huvimbisha njia za hewa. Nyali upepo wa kusi na wa kaskazi unaingia moja kwa moja kutoka baharini. Kule London, msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki mwaka 2013. Kwao kulikuwa karibu na barabara kuu yenye msongamano. Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake.

Ila barabara haielezi yote. Ingia ndani ya nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vya kupanga vinavyotazamana. Chumba kimoja, familia nzima: mmoja akipata mafua wote wanayapata, na mafua ndiyo huamsha pumu kuliko kitu kingine chochote, hasa kwa watoto. Jiko la mkaa liko mlangoni. Usiku inawashwa dawa ya mbu ya kuzunguka. Masika ikifika ukuta unaota kuvu, na mende, ambao vumbi la kinyesi na magamba yao huchokoza kifua, wanahamia walipo watu. Mpangaji atafanya nini? Ukuta si wake. (Udi, kwa upande wake, haujui tajiri wala maskini, moshi wake unabana kifua popote unapofukizwa.)

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tofauti kubwa iko kwenye dawa. Inhela, yaani kifaa cha kuvutia dawa hadi kifuani, kwa kawaida ni za aina mbili. Ya salbutamol, ile ambayo kwa kawaida ni ya bluu, hulegeza misuli ya njia za hewa ndani ya dakika chache. Nguvu yake huisha baada ya saa nne hadi sita, na uvimbe wa ndani inauacha palepale. Uvimbe hutulizwa na inhela ya steroidi, ambayo kwa kawaida hutumika kila siku, hata siku ambayo mgonjwa anapumua vizuri. Sasa mwambie anayeishi kwa kibarua cha siku atoe pesa ya dawa ilhali hana dalili yoyote. Atanunua ya bluu siku atakapobanwa, au vidonge vya salbutamol kwa kuwa ni rahisi zaidi. Ongeza na ile imani ya mtaani kwamba inhela "inazoesha", yaani ukiianza huwezi kuiacha, na mtoto ananyimwa hata aliyo nayo.

Kwa hiyo kitanda cha hospitali hakipimi nani ana pumu. Kinapima nani alikosa kinga ya kila siku, kisha akachelewa. Kuchelewa nako kuna bei: nauli ya tuktuk saa nane usiku, au kungoja feri Likoni ili ufike hospitali kuu ya rufaa iliyo kisiwani.

Anayehitaji ile ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu yake haijadhibitiwa, hata kama hajawahi kulazwa. Na aliyelazwa akaruhusiwa bila inhela ya steroidi ametibiwa shambulio tu. Uvimbe unaweza kuendelea, na chumba anachorudi ni kilekile chenye kuvu na jiko mlangoni.