Kodi ya kaboni ikifika mwaloni, nani ataibeba?

Kodi ya kaboni ikitajwa tu, iwe redioni, bungeni au kijiweni kwa bodaboda pale Buzuruga, watu wanagawanyika hapohapo. Kuna wanaosema itaua uchumi, na kuna wanaosema bila hiyo kodi hali ya hewa itatumaliza kabla uchumi haujakua. Mimi ni mchumi, kazi yangu kwenye taasisi yetu hapa Mwanza ni kupiga hesabu za nishati na kuzieleza kwa wananchi, na huo ubishi unaniumiza kwasababu wanabishana weee lakini hakuna anayeuliza nani anaanza kulipa na hela ikishakusanywa inaenda wapi.

Kodi ya kaboni inatozwa kufuata kiasi cha hewa ukaa inayotoka ukichoma mafuta, gesi au makaa ya mawe. Wazo ni la zamani, mchumi Mwingereza Arthur Pigou aliliandika mwaka 1920: kama unachofanya kinawaumiza wengine na bei yako haihesabu hayo maumivu, basi serikali iweke kodi mpaka bei iyahesabu. Finland ndo wakaanza 1990, Sweden 1991, Afrika Kusini Juni 2019 na ndo wa kwanza Afrika. Sisi hatuna kodi yenye jina hilo. Na tusiichanganye na biashara ya kaboni tunayoisikia Katavi, kule vijiji vya wilaya ya Tanganyika vinalipwa kwa kutunza misitu, hela inaingia, ila kwenye kodi hela inatoka.

Haya tupige hesabu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama kilo 2.7. Tuseme boti ya sangara inatumia lita 20 kwenda na kurudi, hizo ni kilo 46. Kodi ikiwa dola 10 kwa tani, na dola tuihesabu shilingi 2,500 ili tusichoshane, inakuja shilingi 1,150 kwa safari, kama shilingi 57 kwa lita. Sio ya kutisha, mwaka 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa lita kwa mkupuo mmoja na 2023 ikaja 100 nyingine na wala hakuna aliyeziita kaboni. Sasa wataalamu wengi wanasema kodi ndogo hivyo haibadilishi tabia ya mtu, wanataka ya Sweden ambayo inapita dola 100 kwa tani. Hapo boti hiyohiyo inakatwa 11,500 na zaidi kila ikitoka.

Na angalia inavyokatwa. Boti ikirudi samaki wakauzwa, kinachotolewa kwanza ni gharama, yani mafuta, chambo, barafu, chakula cha ziwani, halafu kinachobaki ndo tajiri, yani mwenye boti, na wavuvi wanagawana. Kwahiyo mafuta yakipanda mgao unaliwa kabla haujafika mezani, na kijana ambaye hana boti wala injini analipa kodi ambayo risiti yake hataiona maisha yake yote. Kumpandishia mnunuzi hawezi, sangara bei yake inafuata soko la nje, kiwanda cha samaki hakiongezi hata mia eti kwasababu petroli Mwanza imepanda. Wanasiasa wanaposema "atalipa mchafuzi" mimi nataka waje wasimame mwalo wa Kirumba, pale boti zinaposhusha samaki, alfajiri waoneshe kwa kidole huyo mchafuzi ni nani.

Tena hili la bei kubadilisha tabia tumeshalionja wenyewe. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa toka shilingi 52 mpaka 400 na senti kwa lita, lengo lilikuwa kuwabana wachakachuaji waliokuwa wanachanganya na dizeli, mambo ya tabianchi hayakuwemo kabisa. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanawasha karabai usiku kucha kwa mafuta hayohayo. Leo ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi zile taa unazoziona kule mbali nyingi ni za betri na sola, watu walihama, ila walihama kwasababu mambo mawili yalikutana: mafuta yalikuwa ghali NA taa za sola zilishuka bei zikafika dukani. Katikati hapo, ile miaka ambayo ushuru umepanda na sola bado, aliyeumia ni mama wa kijijini mwenye kibatari, alilipa na hakuwa na pa kukimbilia. Hilo ndo somo kubwa kwangu kwenye mjadala huu wote, kodi ya namna hii inafanya kazi pale mtu ana njia nyingine, kama hana inabaki kuwa makato tu. Mwenye injini ya boti leo hana njia nyingine, injini za umeme bado ni chache na bei yake haishikiki.

Jikoni hatari ni kubwa zaidi. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Gesi ya mtungi ni kaboni pia, ukiitoza kama petroli unamrudisha mama kwenye mkaa, na mkaa hauwezi kuutoza kirahisi kwasababu haupiti bandarini wala kwenye matenki ya depo, unaingia mjini kwa pikipiki usiku. Kwahiyo unakuwa umetoza kisafi ukaacha kichafu. Mimi gesi ya kupikia ningeiacha kabisa, hapo sina mjadala.

Kuhusu ukuaji wa uchumi, wanaosema kodi hii inaua uchumi wana kazi ya kuielezea Sweden, tangu 1990 uchumi wake umekua kwa zaidi ya nusu na hewa ukaa imepungua kwa zaidi ya robo. Lakini wanaoitaja Sweden nao wasiishie katikati. Sweden ilikuwa tayari na umeme wa maji na nyuklia, ilipoanza ilipunguza kodi za mishahara kwa wakati mmoja, na viwanda vyake ilivitoza kiwango kidogo kwa miaka mingi. Na kuna kundi jingine Ulaya linasema dunia iache kukua kabisa. Kwa nchi tajiri wajadiliane, ila Mtanzania wa kawaida kwa mwaka hafikishi hata nusu tani ya hewa ukaa, kumwambia mtu wa Ukerewe uchumi wake usikue ni dhuluma na nitalisema hivyo popote.

Kisiasa kodi hii imeangusha wengi. Australia waliianza 2012 wakaifuta 2014. Ufaransa 2018 waandamanaji wa vizibao vya njano waliingia barabarani, nyongeza ya kodi ya mafuta ikasitishwa. Kenya 2024 haikuwa kaboni, ilikuwa tozo ya mazingira ndani ya muswada wa fedha pamoja na kodi nyingine, na tuliona Juni ile ilivyoisha, muswada wote ukatupwa. Ila Canada ndo inayonifikirisha zaidi. Kule sehemu kubwa ya hela ilirudishwa kwa familia, benki, kila miezi mitatu, na bado Aprili 2025 waliifuta kwa mafuta ya wananchi. Bei ya kwenye pampu mtu anaiona kila siku, hela inayoingia benki kimyakimya anaisahau. Hapa kwetu tuliopitia tozo za miamala ya simu za 2021 tunajua hali hiyo vizuri.

Kuna hoja nasikia sana, kwamba bora Hazina yetu ikusanye kuliko Ulaya itutoze mpakani. Ule ushuru wa kaboni wa mpakani wa Umoja wa Ulaya upo kweli, malipo yameanza kuhesabiwa Januari 2026, ila unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni. Sangara hayumo. Pamba haimo. Hoja hiyo kwa Mwanza ya leo haina uzito na mtu asitumie hofu hiyo kutupitishia kodi. La meli ndo la kuangaliwa, nchi zilipokutana London Oktoba 2025 ziliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kutoza hewa ukaa ya meli za kimataifa, na petroli yetu yote inakuja kwa meli. Viongozi wa Afrika kwenye Azimio la Nairobi la Septemba 2023 wenyewe waliomba kodi ya kaboni ya dunia, ikiwemo ya meli na ndege, ila hela ije kwenye nchi zinazoumia. Ikitozwa bila hiyo nusu ya pili tunakuwa tumeomba mzigo.

Na kuumia tunaumia. Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa, 2024 likapanda tena, mialo ikazama, vyoo vikazama, watu wakahamisha vichanja vya dagaa juu juu. Kurekebisha kule kunahitaji hela na sijaona inatoka wapi.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu. Ikija, ianze kwa wakubwa, migodi inayochoma dizeli malori kwa malori na viwanda vya saruji, kama Afrika Kusini walivyoanza na wakubwa kwa randi 120 kwa tani, japo wao walitoa nafuu ya asilimia 60 mpaka 95 na hapo naona waliregeza mno. Sheria iandike ndani yake hela inarudi wapi, mashine za barafu za sola mwaloni, mitungi kwa kaya za visiwani, vitu ambavyo mtu anavigusa. Petroli ya boti isiguswe mpaka injini mbadala iwepo kwa bei ya mkopo wa kikundi. Muswada wa fedha unaingia bungeni Juni kila mwaka na kamati ya bajeti huwa inapokea maoni ya wadau, BMU, yani vikundi vya usimamizi wa mialo, za Ilemela, Sengerema na Ukerewe mkaanze sasa kuandika lita mnazotumia kwa safari na mgao uliobaki baada ya gharama, maana wenye viwanda wao wanaenda pale na makaratasi yao tayari.