Bahasha ya kaki na kitunguu chekundu: ninachokiona kwa mabinti wanaosoma baiolojia

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haitulii. "Shikamoo mwalimu, nimefaulu PCB, mkopo naombaje?" PCB ni mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Wengi ni mabinti wa Kibosho, Uru na Old Moshi, watoto wa akina mama wanaouza ndizi pale Mbuyuni. Nafundisha baiolojia hapa Moshi, na kwa ninavyowajua mabinti hawa, wanaokwama kwa kukosa kabisa mlango wa kuomba ni wachache. Wengi hukwama kwenye karatasi kabla ya chuo, halafu kwenye maabara wakishafika.

Mlango mkubwa wa shahada ya kwanza ni Bodi ya Mikopo. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo pia Ufadhili wa Samia kwa waliofaulu kwa alama za juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, na huo haurejeshwi. Mkopo hurejeshwa: ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi. Wapo wanaoisikia asilimia hiyo wakaogopa kuomba. Ombeni, tafadhali. Binti asiye na ada hana cha kukatwa.

Ila Bodi haimjui mama yako. Inachokiona ni nyaraka. Aliyefiwa na mzazi anatakiwa cheti cha kifo, na hicho pamoja na cha kuzaliwa vihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kaya iliyo kwenye TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, itaje namba yake. Fomu inasainiwa na mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na kamishna wa viapo.

Binti mmoja alinijia na bahasha ya kaki aliyoiviringisha kwenye kipande cha khanga. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, akazikwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na hakuna aliyekumbuka kufuatilia cheti cha kifo. Cheti chake cha kuzaliwa kilibeba jina la babu, cha kidato cha nne jina la baba. Wiki tatu tulizunguka: kwa mtendaji, wilayani, kwa wakili kuandikisha hati ya kiapo. Dirisha la maombi likafungwa tukiwa bado tunasubiri. Alikaa nyumbani mwaka mzima, na alama zake zilikuwa nzuri. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana siku hizi naongea na wazazi wa kidato cha pili: itoeni hiyo bahasha sasa, linganisheni majina herufi kwa herufi.

Mwaka uliofuata aliomba tena, akapata. Bumu la kwanza, yaani pesa ya kujikimu, lilipoingia, nusu alituma nyumbani, mdogo wake alikuwa hana sare. Sikumlaumu. Lakini njaa na sapu, yaani mtihani wa kurudia, huenda pamoja, na muhula ule alipata sapu mbili, moja ikiwa ya baiolojia ya seli.

Nikamwita maabara Jumamosi. Sekondari yao hadubini aliijua kwa mchoro wa kitabuni tu. Nikamwambia anichoree seli anayoiona. Akachora duara safi lenye ukingo mweusi mnene. Kilikuwa kiputo cha hewa! Tukaanza upya: utando wa kitunguu chekundu utandaze kwenye tone la maji, kioo chembamba kishushe kwa mshazari ili hewa ikimbie. Lenzi ishushe huku ukiitazama kwa ubavuni, kisha weka jicho uipandishe taratibu. Zikajitokeza seli, zimepangana kama matofali ya zambarau. Tukadondosha maji ya chumvi pembeni. Zambarau ikaanza kujikunja, ikaachana na ukuta wa seli.

Akainua kichwa. "Mwalimu, si ndiyo kachumbari hii?"

Ndiyo hiyo. Chumvi huvuta maji ya kitunguu yakajaa chini ya bakuli, nayo ni osmosisi aliyoikariri kwa Kiingereza miaka yote bila kuiona. Msaada wa namna hii hauna fungu kwenye barua ya ufadhili, na kwa maoni yangu ulistahili kuwa nalo: saa mbili kwa wiki, hadubini moja, na mwalimu anayeruhusu swali kwa Kiswahili.

Kwa wanaofikiria mbali: Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha, hutoa uzamili na uzamivu. Kwa uzamivu ipo pia OWSD, jumuiya ya wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea iliyoanzishwa 1987, makao yake Trieste, Italia. Hufadhili wanawake wakasome sayansi katika nchi nyingine inayoendelea. Wafadhili wa ngazi hizo huomba barua za walimu, kwa hiyo jenga mazoea na walimu wako tangu mwaka wa kwanza.

Yule wa bahasha sasa yuko mwaka wa tatu, anafanya utafiti wa fukusi wa migomba, mdudu anayetoboa mgomba. Hukata vipande vya shina la mgomba, huvilaza chini kama mtego, na baada ya siku tatu huvifunua na kuhesabu. Shamba alilochagua ni kihamba kile alikozikwa baba yake.