Kichwa cha treni cha mvuke: maji kwanza, moto baadaye

"Boila hulipuka moto ukizidi." Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote kuhusu boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji yawe mvuke, na ndiyo ya hatari zaidi. Moto ukizidi, presha hupanda, vali za usalama hufunguka zenyewe na mvuke wa ziada hutoka kwa kelele. Kinachoua ni maji kupungua. Dari ya tanuri, yaani sanduku la moto lililo ndani ya boila, ina moto wa zaidi ya nyuzijoto 1,000 chini yake na maji juu yake. Maji yakiwepo, yanachukua lile joto, na chuma hakiendi mbali na nyuzi 200. Yakishuka chini ya dari, chuma huiva kwa dakika chache, kinalegea, presha inakisukuma chini mpaka kipasuke. Maji yaliyobaki, ambayo kwa presha ya bar 10 yana nyuzi 184, hayawezi tena kubaki maji yote: sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na kila lita inayogeuka hutaka nafasi ya lita 1,600 hivi. Nguvu ya mlipuko inatoka humo.

Darini huwekwa kizibo chenye madini ya risasi katikati. Maji yakikiacha, risasi huyeyuka na mvuke huvuma ndani ya tanuri. Hicho ni king'ora tu. Usikitegemee kuzima moto mkubwa.

"Kioo kikionyesha maji, mko salama." Inategemea. Kioo hiki ni mrija unaoonyesha kina cha maji ndani ya boila. Kichwa kikipanda mlima dohani ikiwa mbele, maji hukimbilia nyuma, juu ya tanuri, na kioo huonyesha mengi. Kikivuka kilele na kuanza kuteremka, maji yaleyale huenda mbele na dari inaweza kubaki wazi, bila tone kupotea. Kwa hiyo mtia makaa hujaza boila kabla ya kufika kileleni. Kioo chenyewe pia huongopa vijia vyake vikiziba kwa ukoko wa chokaa. Kijaribu hivi: fungua koki ya chini, maji yatoke kwa kishindo, ifunge, yarudi juu mara moja na yawe yanachezacheza. Yakipanda kwa kujikokota, kuna kijia kilichoziba. Kichwa hakistahili kuondoka stesheni kikiwa hivyo.

"Makaa ndiyo huisha kwanza." Kwa kawaida ni maji. Kilo moja ya makaa mazuri ya mawe huchemsha kilo sita hadi nane za maji, na mvuke ukishafanya kazi kwenye silinda hutupwa nje. Kwenye njia fupi za mikoani unaweza kubeba makaa ya siku nzima ukalazimika kusimama kujaza maji mara kadhaa.

"Ukitaka mvuke zaidi, jaza makaa." Ukijaza kwa mkupuo unauzima moto: makaa mabichi hupoza tanuri na kuziba hewa inayopita katikati ya vyuma vya wavu ulio chini ya moto. Moshi mweusi mzito ni sehemu ya makaa inayopotea bila kuungua. Tia kidogo kidogo, mara kwa mara, pale panapong'aa zaidi, maana hapo moto umekuwa mwembamba.

Na ule mlio wa chu-chu-chu, ambao wengi huudhani wa pistoni, ni mvuke uliokwisha kutumika ukipulizwa kwenye dohani. Kichwa chenye silinda mbili hupiga mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na kila pigo huvuta hewa motoni. Kazi ikizidi, moto hujichochea wenyewe. Dereva akifunga mvuke, mvuto huo hukatika. Ndiyo maana kipulizo, kijia kinachopuliza mvuke wa boila kwenye dohani, hufunguliwa kabla ya kufunga mvuke, hasa karibu na handaki. Asipofanya hivyo ndimi za moto zinaweza kurudi ndani ya chumba cha dereva.

"Magurudumu makubwa, nguvu nyingi." Makubwa ni ya mwendo kasi. Njia yenye milima na kona hutaka madogo. Hata hivyo nguvu ya kuvuta mabehewa ina kikomo: reli ikiwa kavu, ni kama robo ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Yakianza kuteleza, punguza mvuke kwanza, kisha mwaga mchanga. Mchanga ukikuta gurudumu linazunguka ovyo, hulikamata ghafla na fimbo za pembeni zinazounganisha magurudumu huweza kupinda.

"Unawasha tu na kuondoka." Boila baridi huchukua saa nyingi. Ukiiharakisha, sehemu zake hutanuka bila kulingana, na mabomba huanza kuvuja pale yanapoingia kwenye bamba la tanuri. Anza na kuni, moto mdogo, ukiwa umeona maji kiooni kabla hujawasha kiberiti.