"Iache, Maji Yatakwenda Nayo": Dhana Potofu Kuhusu Hori ya Tudor

Kila safari ya kafi kwenye hori ya Tudor, mkono wa bahari unaoingia ndani hapa Mombasa, ina msemaji wake. Mtumbwi haujafika nguzo za Daraja la Nyali, chupa inaelea ubavuni, na mtu anasema kwa utulivu kabisa: "Iache, maji yakitoka yatakwenda nayo." Husema mwanafunzi, husema mwalimu wake, husema hata mzee wa Mji wa Kale anayejua saa za maji kuliko saa ya ukutani. Kwa kuwa neno hili halichoki kurudi, tunalijibu kwanza na kwa urefu.

"Bahari hujisafisha, maji ya kupwa huondoa taka"

Huondoa wapi, huzipeleka wapi? Methali inasema maji yakijaa hupwa. Watu wanasahau kwamba yakipwa hujaa tena, mara mbili kwa siku. Hori ya Tudor si mfereji; ni mfuko. Mdomo wake, kati ya Mji wa Kale na Nyali, ni mwembamba. Ndani inapanuka hadi Mikindani, Jomvu na Junda, kwenye matope na mikoko, na huko ndiko inakoingia mito ya msimu ya Kombeni na Tsalu. Chupa iliyotupwa Mikindani maji yanapoanza kutoka ina saa sita hivi za kuteremka. Mkondo wa huko ndani ni wa pole, na njiani kuna mizizi inayochana maji kama chanuo. Mara nyingi saa hizo huisha kabla chupa haijauona mdomo. Maji yanageuka, nayo inapanda nayo. Hata iliyobahatika kutoka haina uhakika, kwa sababu kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, yaani inaelekea mle mle mdomoni. Inarudishwa kama mtoto aliyetoroka chuoni.

Kinachowadanganya watu ni kwamba taka hupotea machoni. Chupa isiyo na kifuniko hujaa maji na matope ikazama. Nepi hunywa maji mpaka ikawa nzito kama tofali, ikalala chini. Mfuko wa nailoni hujizungusha kwenye mizizi ya kupumulia ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, mizizi ile inayochomoza kwenye tope kama penseli zilizopangwa. Mizizi hiyo ina vitundu vya kuvutia hewa, na ikifunikwa, na nailoni au na tope, mti hukosa pumzi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi ukafukia mizizi hiyo, na mikoko mingi ya hori jirani ya Mwache na ya hapa Tudor ikafa ikiwa imesimama. Nailoni hufanya kazi hiyo hiyo polepole, mti mmoja mmoja.

Zilizobaki zikielea hupandishwa na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mpaka mstari wa juu kabisa, nyuma ya mikoko, na hapo ndipo kuna siri ambayo vikundi vingi vya usafi havitaki kuisikia. Bamvua la Mombasa huinua maji zaidi ya mita 3 kutoka kupwa hadi kujaa. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, huinua karibu mita moja tu. Kwa hiyo kilichoachwa juu na bamvua hakiguswi tena mpaka bamvua linalofuata, kiasi cha siku kumi na nne. Una majuma mawili ya kukiokota kikiwa kimelala. Ukichelewa, bamvua linakiinua tena na kukigawa hori nzima.

Sasa tazama vikundi vinavyopanga: Jumamosi, saa tatu asubuhi, fulana mpya, bila kuuangalia mwezi. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kwenye saa nne asubuhi. Watu arobaini wanafika na magunia, wanakuta tope la kufika magotini na mitumbwi imekaa upande. Wanaokota za kando ya barabara, wanapiga picha, wanarudi. Hori haijaguswa.

Kanuni yetu ni nyepesi. Bamvua hufika kileleni siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Hesabu siku nne hadi sita kutoka hapo, ndizo siku za kazi. Kwa hesabu ya mwandamo ni tarehe 6 hadi 9, na tena 20 hadi 23. Maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo siku hizo hujaa kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi au kupita kidogo, mkondo umepungua nguvu, na taka za bamvua bado ziko juu zinakusubiri. Ingia saa moja na nusu kabla ya kujaa, uingie na maji. Funga mtumbwi kwenye vijia vya mikoko, panda kwa miguu hadi mstari wa taka, na uwe umeanza kurudi maji yanapoanza kutoka.

Usisubiri zaidi ya hapo, kwa sababu maji hayatoki kwa kipimo kimoja. Gawa kimo chote mafungu 12: saa ya kwanza hutoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu ya maji yote hukimbia ndani ya saa ya tatu na ya nne. Anayesema "bado yapo mengi" mwishoni mwa saa ya pili ndiye atakayelala kwenye tope na gunia lake.

Magunia yenyewe: tumia ya kilo 50, ujaze nusu tu. Taka za hori zimelowa, na gunia lililojaa halinyanyuki na mtu mmoja kutoka kwenye tope. Weka mzigo katikati ya mtumbwi na chini, usiurundike juu ya ukingo. Miguuni, viatu vya turubai vya kufunga kamba. Ndara hunyonywa na tope hatua ya tatu, na chaza walioganda kwenye mizizi wanachana kama wembe. Mikononi, glavu za kitambaa kizito ndani, za mpira nje, maana sindano zimo. Na piteni njia moja kwenda na kurudi. Watu arobaini wakitawanyika juu ya mizizi ya mchu wanaivunja zaidi ya nailoni waliyokuja kuitoa.

Jambo la mwisho hapa, nalo tunalisema kila mara kwa hasira kidogo: hesabuni taka kwa vipande, si kwa kilo. Kilo za hori ni maji na matope. "Tumetoa tani mbili" haimwambii mtu chochote. "Chupa 340, ndara 85, nepi 60" inamwonyesha kila mmoja taka zinatoka mlango gani na nani wa kwenda kuongea naye.

"Kupanda mkoko popote ni kuhifadhi"

Mikoko si mti mmoja. Mbele kabisa, panapopigwa na maji, ni pa mlilana. Nyuma yake mkoko wenyewe wenye mizizi ya upinde, kisha msinzi na mkandaa, na huku nchi kavu mchu, ambao tena hupatikana mbele pia. Watu hupenda kupanda mkoko kwa kuwa mche wake ni rahisi, fimbo ndefu ya kijani inayookotwa bila kitalu. Wanauchomeka kwenye tope tupu lililo mbele ya mlilana, unakaa chini ya maji saa nyingi kuliko uwezo wake, na msimu unaofuata unakuta vijiti vikavu. Tope tupu lina kazi yake: ndege hula pale, na kaa huishi pale. Kabla ya kupanda uliza kwa nini hapana miti. Kama ilikatwa kwa kuni au boriti, panda. Kama haikuwahi kuwepo, rudi na miche yako.

Ukipanda, chagua mche wenye pete ya manjano shingoni na usio na tundu la mdudu, uchomeke theluthi moja, nafasi ya mita moja kati ya mche na mche. Ncha iliyochongoka ndiyo ya kwenda chini. Linachekesha, lakini kila kundi lina mmoja anayeupanda kichwa chini.

"Hori ni shwari, na mimi najua kuogelea"

Shwari ya juu. Kwenye mdomo na kwenye nguzo za daraja maji hubanwa yakapata kasi, na mtumbwi uliokaa upande hubandikwa kwenye nguzo kama karatasi. Pita mbali nazo, pua ikielekea mkondo. Jaketi la kujiokolea livaliwe na lifungwe, halikaliwi kama mto. Kulipima: mwenzio alivute mabegani kwenda juu, likipita kidevu, limelegea. Kuogelea hakusaidii mguu ulionaswa na tope.

"Tope linanuka, kwa hiyo hori ni chafu"

Ile harufu ya yai viza ni gesi ya bakteria wanaoozesha majani pasipo hewa. Ni tope lililo hai. Uchafu wa kweli una dalili nyingine: utando wa kijivu, povu lisilotawanyika, mwani wa kijani uliolala kama zulia karibu na mfereji. Maji taka ghafi yanaingia hori hii, na mvua kubwa huyasukuma kwa wingi, kwa hiyo msiingie maji siku mbili hadi tatu baada ya mvua. Mwenye kidonda abaki pwani ahesabu vipande.

"Boti ya mashine ingefanya kazi haraka"

Mtumbwi wa kafi hupita kwenye kina cha magoti, penye taka zenyewe. Pangaboi pale hukoroga tope na kukusanya nailoni na nyavu kuukuu mpaka mashine izimike. Boti ibaki kwenye maji makuu, ipokee magunia.

"Kuvuta kafi ni starehe ya watalii, haifundishi"

Mpe mtoto kisahani cha kupimia uangavu wa maji, cha sentimita 20, kilichokatwa kwenye mfuniko wa ndoo, robo nyeupe robo nyeusi, jiwe limefungwa chini, kamba yenye fundo kila sentimita 10. Akishushe upande wa kivuli mpaka kipotee, ahesabu mafundo. Apime mdomoni, apime Mikindani, apime tena baada ya masika. Atakuwa na swali kuhusu udongo wa Kombeni ambalo hakuna ubao wa darasani uliowahi kumpa.

"Plastiki ilipigwa marufuku 2017"

Mifuko ndiyo iliyopigwa marufuku, Agosti 28 mwaka huo. Chupa, vifungashio vya biskuti, ndara na nepi havikutajwa. Hesabuni gunia moja tu mtaona.