Hati safi haimaanishi kampuni imesema yote

Kila msimu wa mikutano mikuu ya wanahisa ukifika, kauli ni ile ile: "Kampuni imepata hati safi, kwa hiyo imeweka kila kitu wazi." Watu wanaziba pengo kubwa kwa "kwa hiyo" hiyo moja.

Ufichuzi wa taarifa ni kiasi cha habari ambacho kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa inautolea umma kupitia taarifa zake za fedha na ripoti ya mwaka. Hati safi ni kitu kingine: ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu hazina kasoro kubwa kwa mujibu wa viwango. Mkaguzi anaangalia kama kiwango kimefikiwa. Kampuni imekwenda mbali kiasi gani kupita hapo, hiyo si kazi yake.

Tofauti inayosahaulika ni ya taarifa za lazima na za hiari. Benki za Tanzania zinatakiwa na Benki Kuu kuchapisha hesabu gazetini kila robo mwaka. Anayeisifu benki kuwa wazi kuliko kiwanda cha saruji kwa sababu hiyo, anaisifu kwa kutii kanuni.

Hata hizo za lazima zina upenyo. Chukua kampuni yenye kesi kubwa ya kodi. IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kuhusu madeni yasiyo na uhakika, aya ya 92, inairuhusu, katika hali za nadra sana, kutotoa maelezo yatakayoiumiza vibaya kwenye shauri hilo, mradi ieleze aina ya mgogoro na kwa nini imenyamaza. Kampuni inaweza kufanya hivyo na hati ikabaki safi. IFRS 8, kiwango kingine cha kimataifa, nayo inaacha biashara igawanywe kwa sehemu kama uongozi wenyewe unavyoiangalia. Bosi akiiona kama sehemu moja, msomaji hatajua tawi lipi linapata hasara.

Kwenye za hiari ndipo mazingira ya kampuni yanapoamua. Kampuni kubwa husema zaidi, maana ina wahasibu wa kutosha na inatazamwa na wengi. Umiliki nao una uzito, na kwangu ndio wa kwanza kuangalia: mwenye hisa nyingi kama AB InBev, kampuni ya bia ya kimataifa, kwa TBL, kampuni ya bia ya Tanzania, ana wajumbe kwenye bodi, hahitaji kusubiri ripoti. Benki ya CRDB ina maelfu ya wanahisa wadogo ambao ripoti ndiyo dirisha lao. Anayetafuta mkopo au mtaji mpya hufunguka. Anayeogopa mshindani hufunga mdomo kuhusu bei na wateja. KCB, benki ya Kenya iliyo kwenye masoko ya hisa ya Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali, inajibu kwa wasimamizi zaidi ya mmoja. Kuhusu faida, matokeo ya tafiti yanapingana: wapo wanaopata faida wakajitangaza, na wapo wanaopata hasara wakajieleza kwa kirefu ili wasikimbiwe.

Kwa hiyo ukisema "imepata hati safi", ishia hapo, umesema kweli. Ukitaka kuzungumzia uwazi, fungua ripoti ya mwaka, ziruke picha za madawati yaliyotolewa msaada, nenda kwenye maelezo ya hesabu yaliyo nyuma, utafute miamala na wahusika wenye uhusiano na kampuni, uone kama kiasi na masharti ya kila mkopo yameandikwa au yamefungwa kwenye jumla moja.